Mwari wa Diwani Crouch

"Sifuti," alisema Keziah.

"Utafuta," nikamwambia, "tena sasa hivi, kabla wakili hajamaliza chai yake."

"Basi nikwangue na uso wangu, mama. Tumalize yote kwa mara moja."

"Maigizo peleka kule kwenye jumba la maigizo. Hapa ni kazini. Shika chuma."

Alikuwa ameketi kwenye benchi lake chini ya dirisha la nyuma, bamba la shaba la kuchapia picha amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, wino umempanda mpaka viwikoni. Mwanamke mzima, na bado akikasirika anatoa mdomo wa chini kama zamani nilipokuwa nikimnyima sukari. Kwenye bamba hilo alikuwa amemchora Diwani Crouch kama ndege mwari. Kwa ajili ya mwari huyo wakili wa Diwani alikuwa ameketi dukani kwangu, na askari wa mtaa alikuwa amesimama nje ya mlango akila tufaha.

Ndege ndio waliotulisha siku zote. Marehemu mume wangu, Gideon Pettifer, alianza duka hili la picha kwa kuchora maaskofu kama bata mzinga, majenerali kama bata bukini wanaokimbia huku mikia juu, na mawakili kama kunguru juu ya mzoga. Nusu ya London ilikuja kusimama mbele ya dirisha letu kucheka bure. Wachache waliingia kununua, na hao wachache walitutosha. Gideon alikuwa na hoja yake aliyoirudia kila akipata bia. Ukimchora mtu, alisema, anakushtaki kesho yake asubuhi. Ukimchora ndege, ni lazima kwanza asimame mbele ya hakimu, watu wote wakimsikiliza, aseme: bata yule ni mimi. Nani atakubali?

Hoja nzuri. Kisha siku moja akamchora jaji kama bundi, akafurahi mno na kazi yake, akachonga jina la jaji chini ya makucha. Jina kamili. Jaji hakuhitaji kusema lolote. Gideon akaenda gerezani na picha yake ikaenda motoni. Nilimpelekea supu kila nilipoweza, mpaka homa ya mle ndani ilipommaliza, nikamrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa muuza makaa.

Kwa hiyo mtu asiniambie kuhusu ushujaa. Niliubeba mwenyewe, ukiwa umefunikwa gunia.

"Baba asingekubali," Keziah alisema. Nilijua atasema hivyo.

"Baba yako hakukubali. Unakumbuka alirudi vipi?"

Akalishusha bamba mapajani. Nilijua pia kwamba maneno hayo yatamuumiza, na sikujipenda kwa hilo, lakini askari alikuwa mlangoni.

Mwaka ule ngano ilikuwa imeharibika mashambani, meli za kivita zilikula iliyobaki, na mkate ulipanda bei hadi watu wakaanza kupigana kwenye milango ya waokaji. Maskini wa parokia yetu walipewa mikate yao kwenye nyumba ya maskini, na msimamizi wa mikate alikuwa Diwani Crouch. Juu ya mlango wa nyumba ile kuna mwari wa mbao, kama mlivyomwona kwenye makanisa mengi, akijitoboa kifua kwa mdomo ili vifaranga vyake vinywe damu. Alama ya huruma. Diwani aliipenda alama hiyo kiasi cha kuipaka rangi kwenye milango miwili ya gari lake la farasi, na kila alipopita mtaani tulimwona mwari kwanza, kisha yeye.

Wakati huohuo mikate ikawa myepesi. Kisha ikawa na pumba. Kisha ikawa na kitu cheupe kinachosagika menoni, na sote tuliomo kwenye biashara ya karatasi na rangi tunaijua chaki tukiiona. Ghala la Diwani kando ya mto halikupungua hata gunia. Kila mtu alijua. Watu waliongea jikoni, wakaacha palepale.

Keziah hakuacha. Alichora mwari mnene aliyevaa wigi la Diwani na mkufu wa cheo chake, na akamwekea kwenye mdomo ile chunjua aliyo nayo Diwani puani. Mfuko wa chini ya mdomo ulikuwa umetuna kwa mikate. Chini yake vifaranga vimepanua midomo, mbavu nje, kila kimoja na beji ya maskini wa parokia begani. Nyuma yao anga zito la mvua, mistari juu ya mistari, ya kumfanya mwari aonekane vizuri.

Nilipoiona nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaitundika dirishani. Mimi, si yeye. Nilitazama chini ya makucha, nikaona hakuna jina, nikadhani tumejifunza. Sikufikiria wigi, mkufu wala chunjua. Mtu akivikwa vitu vyake vyote, jina la nini tena?

Watu walijaa barabarani hata mikokoteni haikupita. Kisha akaja Bwana Skerritt.

Alikuwa mtu wa sauti ya chini, kama daktari kwenye chumba cha mgonjwa. Aliomba chai. Akasifu duka. Akasema mteja wake si mtu wa kulipiza kisasi.

"Nimefurahi kusikia," nikasema.

"Anataka mambo madogo tu, Bibi Pettifer. Nakala zilizobaki zichomwe. Ndege atoke kwenye bamba, tena mbele ya macho yangu. Tukishamaliza, hakuna atakayeuliza nani alichora."

"Na tukikataa?"

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimetoka kuhudumia wateja, ilikuwa imeoshwa.

"Mikono yako ni safi sana," akasema kwa upole. "Mlangoni nina askari anayejua kutafuta mikono ambayo si safi. Nasikia una binti."

Nilichoma nakala mwenyewe kwenye jiko, zote, huku yeye akiangalia na kunywa chai. Kisha nikaja nyuma kumwambia Keziah afute, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na hapo ndipo Bwana Skerritt alipochoka kusubiri, akaja na kikombe chake mkononi, akasimama kwenye mlango wa karakana.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna," nikasema.

"Lipo," akasema Keziah. "Nataka kujua nifute nini hasa. Nisije nikaambiwa baadaye nimekosea."

"Ndege, binti."

"Ndege na nini?"

"Ndege tu. Mzima. Kuanzia wigi mpaka mkia."

"Na mikate iliyo mfukoni mwake?"

"Mikate pia, na mfuko wake."

"Vifaranga?"

"Baki navyo. Mteja wangu hana ugomvi na vifaranga."

"Na mawingu?"

Bwana Skerritt akacheka kidogo. "Mawingu yamekosa nini? Toa ndege, nisije nikachelewa chakula cha mchana."

Nikainama kama namwekea taa vizuri, nikamnong'oneza: "Toa, halafu uendeleze mistari ya anga juu yake. Mbele utaweka mti. Tutauza kama picha ya watoto."

"Mti," akasema, bila kunitazama.

"Mti mzuri."

Akashika kikwangulio, kile chuma chenye makali matatu alichorithi kwa baba yake, akaanza na chunjua. Wasioifanya kazi hii hudhani kufuta ni rahisi. Kwenye shaba hakuna kufuta. Unachonga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mistari yote iishe na mahali pale pabaki laini, kisha unasugua kwa chuma kingine mpaka pang'ae. Nyuzi nyembamba za shaba zilijikunja chini ya mkono wake na kuangukia mapajani. Wigi likaenda. Mkufu ukaenda. Uso wa Keziah ulikuwa umelowa, na si kwa jasho peke yake. Aliufuata ukingo wa yule ndege kama mtu anayekata nguo ya bei ghali, hakuvuka hata unywele. Nilidhani ni uangalifu.

Mzee Amos, mchapaji wetu, aliacha kupanga karatasi akaja kuangalia. Amemjua Keziah tangu yuko kwenye kitanda cha mtoto. Alipumua tu kwa pua.

Alipomaliza, Bwana Skerritt alichukua bamba, akalipeleka kwenye mwanga, akaliinamisha huku na huku. Shaba iling'aa yote pamoja, na bila wino mistari haikuonekana vizuri. Akapitisha kidole katikati.

"Laini kama shavu," akasema. "Hongera, Bibi Pettifer. Wanawake wenye busara ni wachache. Marehemu angekuwa na nusu ya busara yako, leo angekuwa hai anachora maua." Akamgeukia Keziah, akavuta ugoro wake. "Chora maua, binti. Maua hayajampeleka mtu gerezani."

Nilinyamaza. Nimeendesha duka na kulea mtoto peke yangu, kunyamaza nimekuzoea. Lakini maneno yale niliyasikia yakiingia na kutafuta mahali pa kukaa.

"Nitahitaji nakala moja," akaendelea. "Nimwonyeshe mteja kwamba imekwisha."

"Kwanza aweke mti," nikasema.

"Mti utauweka kesho. Nakala nataka sasa."

Amos akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Bamba likiguswa hata kidogo, huchapwa nakala moja ya kukagulia. Ndivyo kila karakana inavyofanya, na Amos angeichapa hata angekatazwa. Akalipaka bamba wino mweusi, akaufuta kwa kitambaa, kisha kwa kiganja chenye unga wa chokaa, mpaka wino ukabaki ndani ya mistari peke yake. Akaweka karatasi yenye unyevu, mablanketi juu, akazungusha gurudumu. Mashine ikalia kama inavyolia.

Akabandua karatasi kwa pembe mbili. Akaitazama. Kisha Amos, mzee ambaye tangu tumzike Gideon sijamsikia akicheka, akatoa sauti kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

"Mkubwa," akasema. "Huyu ndege amekuwa mkubwa kuliko mwanzo."

Akaigeuza tuone.

Anga lilikuwa pale, zito, jeusi kwa mvua. Vifaranga vilikuwa pale na beji zao, midomo imepanuliwa kuelekea juu. Na juu yao, mahali ambapo palikuwa na wigi na mkufu na mikate, palikuwa na karatasi tupu. Karatasi nyeupe yenye shingo. Yenye mdomo mrefu na mfuko ulioning'inia, umbo kamili, kana kwamba mwari alikuwa amesimama kwenye mvua mpaka mawingu yakamzoea, kisha akaondoka na kuacha tundu lake hewani. Vifaranga vilikuwa vinamwomba mkate mtu asiyekuwepo.

Keziah alikuwa anatazama sakafu, na mdomo wake wa chini haukuwa umetoka tena.

"Hii ni nini?" akauliza Bwana Skerritt.

"Kazi uliyoagiza," akasema Keziah.

"Nilisema ndege atoke."

"Ametoka. Tafuta hata unyoya mmoja."

"Lakini si yule pale!"

"Wapi, bwana?"

"Pale! Katikati!"

"Pale ni karatasi, bwana. Ndiyo rangi yake tangu kiwandani."

"Usinichezee, msichana. Kila mtu atamwona huyo ni mwari. Kila mtu atajua ni mwari wa..."

Akasita. Mdomo ulibaki wazi kidogo, kama vile vifaranga.

Nikamsikia Gideon. Sisemi mizimu, nasema ile sauti yake ya baada ya bia, akipiga meza kwa kidole. Ni lazima kwanza asimame mbele ya hakimu. Nikaona jambo lote kwa mkupuo, kama unapoona chumvi imemwagika na tayari unajua nani ameimwaga. Asubuhi ile Bwana Skerritt alikuwa na wigi, mkufu na chunjua, vitu vitatu vya kumwonyesha jaji kama ushahidi. Vyote vitatu sasa vilikuwa vimelala kwenye mapaja ya binti yangu, nyuzi za shaba zilizojikunja. Wakili mwenyewe ndiye aliyeagiza viondolewe, akasimamia, akahakikisha kwa kidole.

"Malizia, bwana wakili," nikasema. "Ni mwari wa nani?"

"Jazeni hapo mahali. Mistari. Sasa hivi."

"Ulisema mawingu hayana kosa."

"Bibi Pettifer, tulikubaliana."

"Tulikubaliana ndege. Ndege umempata. Tundu hatukulizungumza."

Sauti ya chumba cha mgonjwa ilikuwa imekwisha. "Nipe hilo bamba. Nipe, au namwita askari, na huyu binti yako analala gerezani leo. Nadhani njia unaikumbuka."

Amos akaweka mkono wake juu ya bamba. Keziah akanitazama mimi. Nilijua anachosubiri: mimi, mama yake, nimwambie aweke mti.

Sikuwa mjinga. Sheria ni kitu kimoja, na mahakimu wanaokula chakula cha jioni kwa Diwani ni kitu kingine. Tundu jeupe haliwezi kumlinda mtu, wenye nguvu wakiamua kumfunga. Lakini nilikuwa nimeshawapa nakala zote, na kazi ya wiki nzima, na kunyamaza kwangu, na bado tulikuwa mahali palepale, askari mlangoni na jina la gereza mdomoni mwake. Wangerudi. Kesho wangetaka vifaranga. Keshokutwa mkono wenyewe.

"Unaogopa?" nikamwuliza Keziah.

"Ndiyo."

"Vizuri. Na mimi. Baba yako hakuogopa, akaandika jina."

Kisha nikaenda kwenye kile kibao Amos anachokorogea wino, nikaweka viganja vyangu vyote viwili juu yake, nikabonyeza. Wino wa kuchapia ni mafuta na masizi, mzito, hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Nikapaka mpaka kwenye vifundo, nikapaka katikati ya vidole, nikapaka kucha. Nikamwinulia Bwana Skerritt mikono yangu.

"Haya. Mwite askari wako. Mwambie mikono anayoitafuta ni hii. Mwenye duka ni mimi, mtundikaji ni mimi, na atakayejibu mahakamani ni mimi."

"Mama," akasema Keziah.

"Nyamaza, nina kazi."

"Una wazimu," akasema Bwana Skerritt.

"Labda. Na salamu zangu kwa Diwani. Mwambie aje mwenyewe, si kutuma mtu. Asimame mbele ya dirisha langu, watu wakiangalia, aingize kichwa kwenye hilo tundu. Likimtosha, nitaliondoa."

Nikachukua nakala kwa pembe, ingali mbichi. Nikapita mbele yake, nikaingia dukani. Dirishani palikuwa na askofu bata mzinga niliyemweka kuziba pengo asubuhi ile, nikamng'oa. Nje watu walikuwa bado wamesimama, maana walikuwa wamesikia kwamba wakili yuko ndani, na London haiondoki penye wakili. Nikaibandika picha kwenye kioo, nikaibana kwa vibanio vya juu.

Mwanzo hawakuelewa. Waliona anga, waliona vifaranga. Mwanamke mmoja muuza samaki, kapu kichwani, akasogea mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Eh! Ameenda wapi?"

"Nani?" akauliza mbeba makaa nyuma yake.

"Si yule baba wa mikate!"

"Ameenda kusaga chaki!" mtu akapiga kelele kutoka barabarani, na kicheko kikaanza mbele, kikaenda nyuma, kikarudi. Muuza samaki alilazimika kutua kapu lake chini. Askari akageuka kuona kinachochekwa. Alitazama picha muda mrefu, shavu moja limejaa tufaha. Kisha akasahau kutafuna. Mabega yake yakaanza kutikisika, akageuza uso ukutani.

Bwana Skerritt alitoka kwa mlango wa mbele kwa sababu hatuna mwingine. Hakumwita askari. Alivuta kofia machoni, akaingia kwenye watu kwa bega.

"Bwana wakili!" akamwita muuza samaki. "Ndege wako ameruka?"

"Mpigie mluzi!"

Nikasikia mashine ikilia kule nyuma. Amos hakuwa amesubiri kuambiwa. Keziah akaja, akasimama kando yangu, mikono yake myeusi, yangu myeusi, hakuna askari ambaye angejua ipi ni ya nani. Pembe moja ya chini ya picha ilikuwa imeanza kujikunja kwa unyevu. Nikaweka kiganja changu juu yake, nikakibonyeza kwenye kioo kwa nguvu zangu zote, na nilipokiondoa, alama za vidole vyangu vitano zilikuwa pale chini ya makucha yasiyokuwepo, mahali ambapo Gideon aliandika jina.